Somo: Kuanza kuangalia ndege hapa Malindi, darubini baadaye

Haya jamani, nimeulizwa na watu kadhaa mtu aanzeje kuangalia ndege, na karibu wote swali la kwanza ni darubini bei gani na inauzwa wapi. Pesa ikae mfukoni kwanza. Huku kwetu pwani ukiwajua ndege wa uani kwako na ukajua maji yanajaa saa ngapi, ushamwacha mbali yule mwenye darubini ya bei mbaya shingoni anayefika Mida, ule mkono wa bahari karibu na Watamu, maji yameshapwa, ndege wako huko mbali kwenye tope, anaishia kupiga picha mikoko.

Hatua ya 1: anza na kunguru

Najua mshacheka. Toka nje sa hizi uangalie vizuri, kunguru wetu ni wawili si mmoja. Kuna yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu, mwizi wa mahamri, huyo si wa huku, aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, akazaana akasambaa pwani yote, na anakula mayai na makinda ya wenzake, ndo maana penye kunguru wengi vindege vidogo vinapungua. Wa pili ni mkubwa zaidi, mdomo mnene, mweusi ila kifua na shingo kwa nyuma ni nyeupe kama kavaa fulana, huyu ndo mwenyeji. Ukiweza kuwatofautisha wakiwa angani kwa sauti na umbo tu, ushaijua kazi yenyewe: ukubwa, mdomo, miguu, rangi iko wapi, na anafanya nini.

Kisha hamia kwa mnana, wale wa manjano wanaotundika viota kwenye minazi. Kaa hapo na chai yako. Dume anatua ukingoni mwa jani, anang'ata kidogo pembeni, halafu anaruka bila kuachia na utepe mrefu unachanika wenyewe kwa kasi yake. Anaupeleka, anaukanyaga kwa mguu, anaupitisha na kuukaza kwa mdomo. Jike akija kukagua na akakikataa kile kiota, ndo basi, kazi inaanza upya. Hii bure kabisa na darubini haihitajiki. Ongeza chozi kwenye ua la mgomba, tetere, na dudumizi ambaye utamsikia kabla hujamwona, sauti inashuka shuka halafu mwisho inapanda kidogo.

Hatua ya 2: daftari

Tarehe, saa, mahali, upepo, maji. Usiandike "ndege mdogo wa kahawia", manake hao wako elfu, andika miguu ilikuwa rangi gani. Wa simu kuna eBird, app ya kuandikia ndege uliowaona, ya Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, bure, na Merlin ya watu hao hao inakusaidia kutambua, ila ni msaidizi tu, ikikwambia ndege wa Turkana yuko Maweni tumia akili.

Hatua ya 3: maji

Hapa ndo penyewe. Ndege wa ufukweni wanakula maji yakipwa, wametawanyika tope lote. Yakianza kupanda yanawasukuma, wanakusanyika, wanakusogelea wewe uliyekaa kimya. Kwa hiyo fika masaa mawili matatu kabla ya maji kujaa, si baada. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na maji yanajaa sana, huku kwetu hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, so ukifika Mida saa nane mchana uko sawa. Maji mafu, zile siku za nusu mwezi, hayapandi sana na ndege hawasukumwi vile, siku hizo nenda msituni. Kama huelewi muulize mvuvi yeyote, kalenda iko kichwani mwake.

Pale Mida mtafute ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mweusi mnene ambao hauendani kabisa na mwili wake. Anakimbia hatua chache, anasimama, anachota kaa. Kwao kwa kuzalia ni pwani za Uarabuni na Somalia, na anataga kwenye shimo analolichimba mchangani. Na ukibaki mpaka jioni, miezi ya kaskazi (upepo wa kaskazini, Novemba hadi Machi hivi), keremkerem wekundu wanarudi kulala kwenye mikoko makundi kwa makundi, hapo hata yule uliyemburuta kuja naye atatulia.

Hatua ya 4: kaskazi na kusi

Watu wanafikiri ndege wapo tu mwaka mzima. Vitwitwi na sululu, hao ndege wa ufukweni, wengi wanaingia Agosti na Septemba wakikimbia baridi, wengine wametoka mpaka Siberia, na Aprili wanaanza kuondoka. Wakati huo huo, kusi, upepo wa kusini, inapoingia, mdomo wa mto Sabaki hapo kaskazini ya mji unapokea wageni kutoka Madagaska, ndege wa kahawia iliyokolea mwenye tumbo la kutu, anaruka mithili ya mbayuwayu akidaka wadudu, wanajikalia kwenye mchanga kwa mamia mpaka Septemba. Kwa hiyo Sabaki haina msimu mbaya. Asubuhi jua linatokea baharini na ukitazama huko utaona vivuli tu, alasiri jua linakuwa mgongoni, rangi zote unaziona.

Hatua ya 5: sasa darubini

Tafuta iliyoandikwa 8x42. Nane ni mara ngapi inavuta, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, kikiwa kipana kinaingiza mwanga zaidi. Ya kumi inavuta zaidi lakini inatikisika mkononi, na hizi za kuzungusha zoom achaneni nazo. Ukimwona ndege usimwondolee macho, inua darubini iingie katikati ya macho na ndege.

Hatua ya 6: Arabuko-Sokoke

Nenda na mwongozaji wa pale, usijifanye mjuaji, msitu una kilomita za mraba kama 420 na ndovu wamo. Omba umwone bundi wa Sokoke, kimo sentimita 16 hivi, yuko wa kijivu na wa rangi ya kutu, waongozaji wanajua mti anaolala mchana. Mnana wa Clarke naye haonekani popote duniani ila kaunti yetu ya Kilifi, na viota vyake vilikuja kugunduliwa 2013 tu, huko msitu wa Dakatcha.

Maswali ya wanachama

Mama wa Maweni: Nina watoto wa miaka saba na tisa, Sabaki naweza kwenda nao?
Jibu: Dada yangu unaweza ila mto una viboko na mamba, mkae upande wa mchangani na mwenyeji anayejua, na msivuke maji hata yakionekana ya magotini.

Fundi wa Barani: Za mtumba vipi kaka, si zote ni mbovu?
Jibu: Si zote. Itazame kwenye mwanga kama ndani kuna ukungu, kisha tazama maandishi ya mbali, ukiona mawili mawili au kichwa kikakuuma, rudisha.

Wa Shela Lamu: Mnasifia Malindi tu, sisi huku tuna punda, ndege tuwaone wapi?
Jibu: Hahaha shekhe, anza na hao hao punda, walipo na yangeyange wapo. Kisha chukua mashua upite mikoko ya upande wa Manda maji yakipanda, mwambie nahodha azime mashini mapema. Kanuni ya maji ni ile ile.

Mjukuu: Bibi akisikia bundi juu ya paa anatoka na panga, anasema ni uchuro. Nimwambieje?
Jibu: Usibishane na bibi. Bundi wa Sokoke haji nyumbani kwa mtu, huyo wenu pengine kafuata panya, basi dawa ni kumaliza panya na yeye atahama.

Kijana wa Ngomeni: Nikipiga sauti ya ndege kwenye simu si atakuja mwenyewe?
Jibu: Atakuja, manake anadhani kuna dume mwingine anamnyang'anya eneo. Anaacha kula, anaacha kiota, kwa ajili ya picha yako. Hii usifanye, na msituni usifanye kabisa.

Mama wa Maweni: Na nguo je, lazima zile za mabaka mabaka?
Jibu: Hizo usivae, zinazofanana na za jeshi ni kosa hapa Kenya. Vaa chochote kisichong'ara, kofia, na beba maji ya kunywa, Sabaki hakuna kivuli.