Jiko la mkaa lisilale chumbani
Katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapokaza Njombe, Makete na Limuru, familia nyingi huingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto la usiku. Naomba kwa dhati jiko hilo litolewe nje kabla mtu yeyote hajalala. Mkaa uliokwisha kukolea, ambao hautoi tena moshi na kwa sababu hiyo huonekana salama, bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hata mwili ukakosa oksijeni huku mtu akiendelea kupumua. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Kufunika makaa kwa majivu hakuizuii gesi hiyo, sufuria ya maji juu ya jiko haiinyonyi, na dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutosha. Jenereta nayo ikae nje, mbali na milango na madirisha, wala si barazani.

Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kusikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja bila homa, msikimbilie kulaumu chakula. Tokeni nje nyote mara moja, kisha mwende hospitali yenye oksijeni, mkimweleza daktari waziwazi kwamba jiko lilikuwa linawaka ndani, kwa kuwa dalili hizo hufanana mno na za magonjwa mengine.