SOMO: Kuiongezea chenso nguvu bila kuinokisha

Haya wakuu, nilisema nitaleta hili somo la chenso, yaani msumeno wa injini wa kukatia magogo, iwe na nguvu zaidi bila injini kunoki (kukwama na kufa), ndio hili.

Kwanza muache kuhesabu cc (ukubwa wa injini) peke yake. Husqvarna 395 XP ina cc 93.6 na inatoa kilowati 4.9, kilo 7.9 bila baa (bapa la chuma linalobeba cheni) na cheni. Stihl MS 500i ina cc 79.2 tu lakini inatoa kilowati 5.0 kwa kilo 6.2, shika zote mbili kutwa nzima mgongo utakupa jibu. Ila 395 ina kabureta ya skurubu unaichezea mwenyewe, 500i ni ya injekta, mafuta inajipimia yenyewe.

Hatua ya 1: noa cheni. Msicheke. Noa meno yote yalingane, vile vituta vya mbele ya jino vishushe mpaka viwe chini ya ncha ya jino kwa kama milimita 0.65, halafu kata gogo moja mara tatu na uandike sekunde. Usipopima sasa hivi baadaye utadanganywa na kelele, maana chenso ikipiga kelele zaidi kila mtu anadhani imepata nguvu.

Hatua ya 2: eksozi. Fungua, panua tundu la kutokea moshi au ongeza la pili, lisielekee plastiki wala tenki. Toa vumbi lote la chuma kabla ya kurudisha. Kale kawavu ka kuzuia cheche kaache, hasa porini kukiwa kukavu.

Hatua ya 3, na hapa ndipo watu wanaua mashine: kabureta. Moshi ukitoka kirahisi hewa inaingia nyingi, mafuta yanakuwa machache. Mimi ya kwanza nilitoboa eksozi nikaenda kazini hivyo hivyo, ikakata kama wembe mpaka mchana ikanoki, kufungua nakuta pistoni imechanika mistari upande wa eksozi. Kwa hiyo legeza skurubu ya H (inayopima mafuta ya resi kubwa) robo mzunguko, ipashe moto, piga resi mpaka mwisho hewani: inatakiwa ingurume kwa kukatakata, ukiizamisha kwenye gogo sauti inyooke. Ikilia nyembamba kama mbu hewani, zima, legeza H kidogo tena ipate mafuta zaidi.

Hatua ya 4 kama una roho ngumu ni kutoa gasketi ya chini ya silinda. Kwanza pitisha waya laini wa risasi (wa kulehemea) kwenye tundu la plagi, vuta kamba taratibu pistoni iubane, pima unene wa palipobanwa: hiyo ndio nafasi kati ya pistoni na kichwa cha silinda. Nafasi hiyo isibaki chini ya milimita 0.5 ukishatoa gasketi.

MASWALI

– Mkuu yangu ni M-Tronic (Stihl ya kabureta inayojirekebisha kwa umeme), haina skurubu, nifanyeje?
Eksozi panua kidogo tu, kata magogo kadhaa ijipange yenyewe. Usizidishe, nayo ina mwisho wake.

– Nikiongeza oili kwenye petroli inasaidia isinoki?
Hapana kaka. Oili ikizidi kwenye mchanganyiko, petroli inayoingia ndio inapungua, unarudi kwenye tatizo lile lile. Baki na 50:1 kama kitabu cha mashine kinavyosema.

– Nimefanya yote, sekunde ni zile zile ila inapiga kelele hatari
Cheni uliinoa upya kabla ya kupima mara ya pili?

– Sijanoa 😅
Haya rudi hatua ya 1, na uvae vya masikioni.