Jinsi ya kutumia data ndani ya studio ili timu ya muziki ielewane

Studio nyingi za hapa Dodoma mambo yanaenda hivi: prodyuza, msanii, mtunzi na mzee wa zeze kutoka Chamwino wamekaa, biti inapiga, kila mtu anasema "mi naona hivi", mwishowe anashinda anayeshika mausi. Hapo mawazo mazuri yanapotea bure na inaniuma sana, kwaiyo naweka hapa utaratibu ninaoutumia.

Hatua ya 1. Fungua Google Sheets moja na wote muwe na ruhusa ya kuandika. Kila toleo la wimbo lipate mstari wake: jina la faili, tarehe, BPM (kasi ya biti kwa dakika), key (noti mama ya wimbo), nani kaongeza nini. Basi, msiweke makolamu mengi mtaacha kujaza.

Hatua ya 2, na hii ndo kubwa kwetu huku. Pima zeze kabla hujagusa kinanda. Muziki wa Kigogo unafuata harmoniki za asili (zile sauti nyembamba zinazozaliwa juu ya noti moja ikipigwa), haufuati mgawanyo wa kinanda, mfano harmoniki ya 7 inakaa chini ya noti ya kinanda kwa kama senti 31, na nusutoni nzima (hatua ndogo kabisa ya kinanda) ni senti 100, yaani karibu theluthi ya nusutoni. Prodyuza asiyejua anasikia kama mzee katoka kwenye key, anamwekea Auto-Tune (programu ya kunyoosha noti) au anamwambia akaze waya, na mzee ananyamaza mpaka sesheni inaisha. We fanya hivi: mwombe, "Mzee wangu, naomba nisikie waya mmoja mmoja," washa tyuna ya simu, andika kila waya umeangukia noti gani na senti ngapi juu au chini. Kila chombo pima upya maana vinatengenezwa kwa mkono na havifanani. Halafu nenda kwenye sinthi yako (kinanda cha elektroniki), sehemu ya fain tyuni, ishushe au ipandishe imfuate mzee. Ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, nayo hivohivo. Mzee akiona biti imejengwa juu ya waya zake anaanza kutoa maoni mwenyewe, hapa aseme ngoma iingie, pale aseme sauti ipungue, na hayo maoni ni dhahabu, yaandike kwenye shiti kwa jina lake.

Hatua ya 3. Mkiwa na miksi mbili zinazogombaniwa, ziite A na B, msiseme ipi ya nani. Kwanza zilinganishe ukubwa wa sauti, maana inayopiga juu zaidi sikio huwa linaipenda hata kama ni mbovu. Youlean Loudness Meter ina toleo la bure, weka zote -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) ambayo ndo kiwango cha kawaida cha Spotify. Kila mtu aandike alama 1 mpaka 5 kwenye simu yake kabla hajaongea yeyote, hili ni la lazima kabisa, si unajua kwetu mkubwa akishasema vijana hawambishii. Msihangaike na wastani. Tafuteni pale mmoja kaweka 5 na mwingine 1, muulizane kwa nini, mazungumzo ya maana yako hapo.

Hatua ya 4. Wimbo ukishatoka kaeni pamoja mfungue YouTube Studio, grafu ya retensheni, muone watu wanatoka sekunde ya ngapi. Spotify inahesabu strimu baada ya sekunde 30, kwaiyo kama intro ya zeze inafika sekunde 40 na grafu inaporomoka kwenye 15, msiikate zeze jamani, jaribuni kuleta sauti ya mwimbaji mapema juu yake. Ila views zikiwa chache subirini kwanza, watu wachache wakitoka tu mstari unaanguka.

Hatua ya 5, ila hii ifanyeni kabla ya ile ya 4. Kabla wimbo haujatoka, rudini kwenye ile shiti ya mwanzo mgawane asilimia za wimbo kwa kuangalia nani aliongeza nini, mzee wa zeze akiwemo, msaini wote, ndo mpeleke usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.