Jinsi ya kuichambua namba 4,294,967,297 kwa kikokotoo cha simu

Mwanafunzi akiulizwa kama namba yenye tarakimu kumi ni tasa, mara nyingi huanza kugawa papo hapo: kwa 3, kwa 7, kwa 11. Hapa utachoka bure. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba hii ni 65,536 na ushee, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542 za kujaribu.

Hatua ya 1: Tafuta umbo lake. Toa 1, kisha gawa kwa 2 mfululizo. Utagawa mara 32 bila baki mpaka ufike 1. Kumbe ni 2³² + 1! Iko katika mfuatano wa mwanahisabati Pierre de Fermat, ambao kipeo cha 2 huongezeka maradufu (2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1...): 3, 5, 17, 257, 65,537, halafu hii. Mwaka 1640 Fermat aliamini kwamba zote ni tasa, na tano za mwanzo ni tasa kweli.

Hatua ya 2: Chuja vigawo. Hapa ndipo penye utamu, usipaharakishe. Chukua kigawo tasa chochote cha namba yetu, tukiite p. Ukigawa 2³² kwa p, baki ni sawa na −1 (yaani p − 1). Ukiipandisha kipeo cha pili, 2⁶⁴ inaacha baki 1. Kwa hiyo 64 ndicho kipeo kidogo kabisa cha 2 kinachoacha baki 1, na hilo linailazimisha p − 1 igawanyike kwa 64. Mwanahisabati Leonhard Euler aliligundua hili, na baadaye mwenzake Édouard Lucas akaonyesha kwamba hata kwa 128 inagawanyika. Basi p ni lazima iwe 128k + 1:

129 (inagawanyika kwa 3), 257, 385 (kwa 5), 513 (kwa 3), 641...

Hatua ya 3: Gawa. Kwa 257, baki ni 2. Kwa 641 unapata 6,700,417 kamili. Si tasa! Euler alilithibitisha hili mwaka 1732.

Hatua ya 4: Kagua 6,700,417. Kigawo chake ni kigawo cha namba kubwa pia, kwa hiyo kanuni ni ileile. Hadi kipeuo chake, 2,588, zimebaki 641, 769, 1,153 na 1,409 tu. Kikokotoo kikikupa desimali, ondoa sehemu nzima, kisha zidisha desimali kwa kigawo: hilo ndilo baki. Utapata 44, 120, 334 na 622. Basi 6,700,417 ni tasa.

Hatua ya 5: Sifa nyingine. Vigawo vyote vya 4,294,967,297 ni vinne (pamoja na 1 na yenyewe), na jumla yake ni 4,301,668,356. Ninayoipenda zaidi ni hii:

65,536² + 1² = 62,264² + 20,449² = 4,294,967,297

Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya vipeo viwili vya pili kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo mstari huo peke yake unatosha kuthibitisha kwamba namba yetu si tasa.

Zoezi: namba inayofuata ni 2⁶⁴ + 1. Vigawo vyake tasa vina umbo la 256k + 1. Jaribu k = 1,071.