Nyumba ya pwani: kazi za kaskazi, kazi za kusi, na siku za kwenda na maji

Nyumba ya makuti ya ufukweni, iwe Jambiani, Bwejuu au Matemwe huko Unguja, au Pemba upande wa Micheweni, hufa kwa chumvi na kwa kufungwa. Miezi inapita hakuna moshi wala upepo ndani, godoro linaota ukungu, kufuli inashika kutu, paa linaanza kuvuja mgongoni na hakuna wa kuona. Familia nyingi za mjini zina nyumba ya namna hii, ya babu au ya ndugu wote, na huiendea Sikukuu tu au skuli zikifungwa. Ukiipangia kazi na mapumziko kwa kufuata pepo na mwezi, nyumba inadumu, na wenyewe mnaifaidi.

Kaskazi, upepo wa kaskazini, huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, jua kali na ardhi kavu. Masika huingia katikati ya Machi mpaka Mei. Baada ya hapo kusi, upepo wa kusini, imeshika, na Juni hadi Agosti ni kipupwe, baridi ya kujifunika shuka usiku. Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, mvua za kuja na kuondoka. Baina ya pepo mbili kuna maleleji, bahari inalala na maji yanakuwa maangavu. Wazee wa Makunduchi bado huhesabu mwaka kwa miongo ya siku kumikumi kuanzia Nairuzi, siku ya Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Ukimpata mzee anayejua hesabu hiyo, muulize mwongo wa ngapi kabla ya kumwita fundi.

Paa: Januari na Februari

Kazi ya kuezeka haisubiri masika. Ukianza Machi, fundi wote wameshachukuliwa, na ukiezua tu mvua inakukuta nyumba iko wazi.

Nunua makuti ya viungo, yaani yaliyoshonwa kwenye kijiti, yaliyokauka. Kuti bichi likishafungwa husinyaa, na pale paliposinyaa ndipo patakapovuja. Chukua kiungo kimoja, kinyanyue kulielekea jua: ukiona mwanga unapita baina ya majani, kiache, hata kama bei yake nzuri. Kitikise pia; kikitoa unga, wadudu wameshaingia.

Idadi unaipata kwa hesabu. Tuseme upande mmoja wa paa una upana wa mita 6, na kutoka mchirizini hadi juu ni mita 4. Ukiweka safu kila sentimita 10, utapata safu 40. Viungo vya mita moja, kwa kuwa vinalaliana kidogo, vitakwenda 7 kwa kila safu. Hivyo upande mmoja unataka viungo 280, pande mbili 560, na uongeze kama 40 vya mgongo na vya kuharibika. Pima viungo vya muuzaji wako kwanza, kwa sababu urefu hutofautiana kijiji na kijiji.

Kabla ya kuti la kwanza kupanda, kagua makombamoyo, miti inayopanda hadi mgongoni, na fito kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama bila nguvu, mti huo umekwisha. Uondoe, usiufunge mwenzake pembeni ukadhani utausaidia. Angalia ukutani kama kuna njia za udongo za mchwa zinazopanda. Boriti za mkoko huvumilia mchwa kuliko miti mingi, lakini fito za miti ya hivi hivi haziwezi.

Mwinuko wa paa uwe nyuzi 45 au zaidi. Paa lililolala halimwagi maji, yanakaa ndani ya makuti na kuyaozesha kutoka chini, na kwa nje huoni kitu. Uezekaji huanzia mchirizini kwenda juu, na safu ya kwanza iwe ya makuti mawili mawili, kwa sababu ndiyo inayopigwa na upepo. Kila kiungo kifungwe pahala patatu: ncha mbili na katikati. Tumia kamba za usumba. Kamba ya plastiki fundo lake huteleza na jua huila. Usumba umetokana na makumbi yaliyofukiwa pwani miezi kadhaa, kwa hiyo chumvi haiutishi.

Jambo linaloharibu mapaa mengi ni nafasi baina ya safu. Fundi anayelipwa kwa kazi nzima atapenda kupanua, sentimita 10 ziwe 15, kisha 20, na akishuka paa linaonekana zuri. Kata kijiti cha sentimita 10, mpe akitumie kuwa kipimo, na uwepo anapofika juu, kwa sababu huko ndiko kila mtu huchoka. Mgongo ufunikwe kwa kumba, makuti ya kusuka, zilizokunjwa pande zote mbili, tabaka tatu, na zibanwe kwa fito kila upande. Uvujaji wa mwanzo karibu siku zote hutokea hapo.

Paa lililofungwa hivi linakwenda miaka mitatu mpaka mitano. La jikoni litalipita la chumbani, kwa sababu moshi wa kuni hufukuza wadudu na kukausha makuti. Kwa hiyo kila mnapofika, choma makumbi katika sufuria kuukuu katikati ya chumba kwa muda wa saa moja, madirisha yamefungwa. Mtu mzima akae nje mlangoni, mlango ukiwa wazi, na ndoo mbili za maji. Makuti yakishika moto hutawahi kuyazima.

Kuta, vyuma, magodoro

Usipige plasta kwa mchanga wa ufukweni. Chumvi yake hunyonya unyevu, ukuta unatoka jasho kila kusi na rangi inabanduka. Ukuta wa mawe na chokaa utengenezwe kwa chokaa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unafungwa ndani na plasta inaanguka vipande vizima. Kwa kupaka, roweka chokaa usiku kucha, ichuje kwa kitambaa, tia konzi ya chumvi ya jikoni ishike, na upake koti mbili nyembamba. Koti moja nene hupasuka.

Bawaba na komeo ziwe za shaba. Kufuli itiwe grisi na ifungwe kipande cha mpira wa baiskeli juu yake. Godoro la sufi lianikwe jua la asubuhi na ligeuzwe, maana likilowa sufi hugandana na halirudi tena kuwa laini. Kitanda cha kamba kikilegea kiwambwe upya wakati wa kaskazi, kamba ikiwa kavu.

Maji ya kutumia

Kisima cha karibu na bahari kina maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi. Ukiteka kwa ndoo, pole pole, unachukua ya juu. Ukitia pampu yenye nguvu, unayavuta ya chini, na kisima kinaweza kubaki na munyu kwa muda mrefu, chako na cha jirani. Pampu ikiwa lazima, iwe ndogo, ijaze tangi kidogo kidogo, na mdomo wa bomba uning'inie karibu na uso wa maji.

Maji ya mvua ya paa la makuti hayafai kunywa. Ezeka jiko au kibaraza kwa bati, hata mita za mraba 20 tu. Mvua ya milimita 30 kwenye bati hilo ni lita 600, ukitoa yanayopotea utapata 500 hivi. Mvua ya kwanza iache imwagike, inaosha vumbi na kinyesi cha kunguru.

Kusoma maji kwa tarehe ya mwezi

Raha zote za pwani zinategemea jambo hili. Huna haja ya simu, shika tarehe ya Kiislamu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe mosi na tarehe 15, ni bamvua: maji yanatoka mbali sana na kujaa sana, na nguvu yake huzidi siku moja au mbili baadaye. Tarehe 7 au 8, na 22 au 23, ni maji mafu, hayatoki sana wala hayajai sana.

Siku za bamvua hapa kwetu maji hupwa kama saa nne asubuhi na hujaa kama saa kumi, alasiri. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Ndiyo maana yakifika maji mafu mambo yamegeuka: yanajaa asubuhi na kupwa jioni. Ukitaka watoto waogelee alasiri mbele ya nyumba, nenda tarehe 1 hadi 4 au 15 hadi 18. Ukitaka kuwapeleka mwambani kuona viumbe, tarehe hizo hizo, asubuhi. Atakayekwenda tarehe 8 atakuta maji yamepwa wakati wa kuogelea, na atadhani pahala pabaya.

Hatari iko katika kurudi kwa maji. Yanachukua kama saa sita kujaa, lakini hayaji kwa mwendo mmoja. Bamvua la mita 3.6 litapanda karibu sentimita 30 saa ya kwanza, 60 saa ya pili, na 90 saa ya tatu na nyingine 90 saa ya nne. Anayekaa mwambani saa mbili baada ya maji kugeuka ana karibu mita nzima juu ya alipokanyaga kwa miguu mikavu, na mikondo ya nyuma yake, baina yake na nyumba, hujaa kabla ya mwamba wenyewe. Wengi hawaitazami kwa sababu wameelekea bahari kuu. Toka nyumbani saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na maji yakigeuka tu, geukeni.

Vaeni viatu vya kufunga, kandambili huchomoka kwenye matope. Pita kando ya mashamba ya mwani. Vigingi na kamba zile ni mali ya kinamama, na kamba moja iliyokanyagwa ni kazi ya wiki kadhaa. Penye mchanga buruta miguu, samaki taa, mwenye mwiba mkiani, akisikia mtu anaondoka, akikanyagwa anachoma. Aliyechomwa na taa atiwe mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, dakika 30 hadi 90, maumivu yatapungua, kisha apelekwe kituo cha afya mwiba ukaangaliwe.

Wakati wa kusi, pwani ya mashariki hupokea upepo na magugu ya bahari yanarundikana ufukweni. Mkitaka maji yaliyotulia subirini maleleji, mwanzo wa Machi au Oktoba. Maleleji yana kasoro moja, upepo ukikatika mbu wanaingia, kwa hiyo vyandarua visisahaulike mjini.

Pweza, chakula cha siku ya bamvua

Kwanza muulizeni sheha, kiongozi wa mtaa, au kamati ya wavuvi kama mwamba uko wazi. Vijiji kadhaa, Kisiwa Panza huko Pemba kikiwa kimojawapo, vimekuwa vikifunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili pweza wakue, na utaratibu huo unastahili kuheshimiwa na mgeni kuliko hata mwenyeji. Pweza wa chini ya nusu kilo mwache. Mkinunua, nunueni kwa kinamama wanaorudi pwani, wakati wamo njiani.

Pweza mmoja wa kilo moja na nusu, nazi 2, kitunguu kikubwa 1, nyanya 2, thomu na tangawizi iliyopondwa kijiko 1 cha chakula, bizari nusu kijiko cha chai, pilipili mbuzi 1 nzima, ndimu 1. Pweza hunywea karibu nusu akipikwa, kwa hiyo huyo anatosha watu wanne au watano.

Geuza kichwa nje ndani, toa matumbo na kifuko cha wino bila kukipasua, ng'oa mdomo mgumu ulio katikati ya mikono. Mponde juu ya jiwe kwa mti, ukimgeuza, mpaka atoe povu jeupe na mikono ilegee. Muoshe, mtie sufuriani bila maji na bila chumvi. Atatoa maji yake mwenyewe, mekundu ya zambarau. Moto mdogo, dakika 45 hadi saa moja. Mchome kwa njiti: ikipita bila kukwama, ameiva. Chumvi ikitangulia, nyama hukaza.

Kuna nazi kwa mbuzi. Kamua kasimele, tui zito la kwanza, kwa maji ya vuguvugu kikombe kimoja, iweke kando, kisha kamua tui jepesi vikombe viwili. Kaanga kitunguu, thomu na bizari, tia nyanya zilainike, tia pweza aliyekatwa, tui jepesi na pilipili, ichemke dakika 15. Sasa tia chumvi, mimina kasimele na ukoroge bila kuacha, ukiinua kwa upawa na kumwaga, mpaka uone inataka kuchemka, basi, epua. Ikichemka bila kukorogwa tui linakatika na halirudi. Ndimu itiwe sufuria ikiwa chini. Kuleni kwa wali au muhogo wa kuchemsha.

Kufunga nyumba kabla ya masika

Mwisho wa Februari pitia mgongo wa paa na uchimbe mfereji wa shubiri moja kwenda chini kuzunguka ukuta, maji ya mchirizi yasisimame kwenye msingi. Toa chakula chote, hata chumvi, kwa sababu panya wakizoea jiko watapanda makutini. Inua magodoro juu ya kitanda yakisimama, yasiguse ukuta. Acha matundu ya juu ya ukuta wazi. Nguo zinazobaki zitie sandukuni na konzi ya karafuu kavu.

Ufunguo umwachie jirani, na umlipe. Mwambie kazi tatu tu: afungue milango siku ya jua mara moja kwa wiki, achome makumbi kila baada ya mvua kubwa, na apige simu siku ile ile akiona doa la maji sakafuni. Kuti moja la mgongo likibadilishwa Aprili ni kazi ya asubuhi moja. Likiachwa mpaka Julai utabadilisha na fito.