Somo: Kumuumba mpelelezi mwenye siri ya nyumbani

Waandishi wengi wa hadithi wakitaka mpelelezi aliyeumia moyoni humpa chupa ya pombe na talaka, basi. Hayo ni mapambo. Iondoe pombe na kesi itakwenda vilevile. Siri ya familia ina kazi moja kubwa: kumfanya akosee kazini.

Hatua ya 1. Kabla hujagusa mauaji, iandike siri: nani alifanya nini, nani alificha, mtoto aliambiwa nini. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Tuchukue mfano: baba aliua mtu, mama akafua shati usiku uleule, mtoto akaambiwa, "Baba yako alikuwa amelala."

Hatua ya 2. Tafuta kosa linalozaliwa na uongo huo. Mtoto yule sasa ni mpelelezi, na kwa kuhoji watu hana mpinzani. Ila akifika kwa mke wa mtuhumiwa:

"Mumeo alikuwa wapi?"
"Alikuwa amelala."
Akafunga daftari, akaaga. Kalamu aliiacha mezani.

Msomaji makini atajiuliza mbona hakudadisi amelala tangu saa ngapi, na nani mwingine alimwona. Wewe nyamaza. Ukiongeza "alikumbuka utoto wake", umeharibu.

Hatua ya 3. Chezea kumbukumbu, lakini ujue inavyofanya kazi. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer walichapisha majaribio ambamo watu walitazama filamu za ajali za magari, kisha wakaulizwa kuhusu kasi. Baadhi waliulizwa magari "yalipopondana", wengine "yalipogongana". Wiki moja baadaye, watu 16 kati ya 50 wa kundi la kwanza walisema waliona vioo vilivyovunjika. Kundi la pili walikuwa 7 kati ya 50. Vioo hivyo havikuwepo. Sasa mpelelezi wako akimuuliza dada yake, "Unaikumbuka ile damu?", huenda ameshampandikizia damu kichwani, na hatajua tena kama anachosimuliwa ni tukio au ni mwangwi wa swali lake. Shaka hiyo peke yake inabeba sura nzima.

Hatua ya 4. Usiikimbilie ile njia ya kesi na siri kuwa kitu kimoja. Sophocles, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, aliiweza: Mfalme Oedipus anamsaka muuaji wa Laius, kumbe ni yeye mwenyewe, na Laius ni baba yake. Inaaminika kwa kuwa hata mjumbe anayekuja kumtoa hofu ndiye anayezidi kumkaba. Bila ngazi za namna hiyo, msomaji ataona umebahatisha tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nafsi ya kwanza inafaa?
Jibu: Inafaa, ila ni ngumu. Msimulizi aruke jambo, abadilishe mada, sawa. Asiseme "sikuwepo" ilhali alikuwepo, labda kama mwenyewe anaamini hivyo.

Swali: Siri niifichue wapi?
Jibu: Mimi huitanguliza kabla ya muuaji kujulikana. Hapo mhusika ana la kuamua: arudi kwa yule mke akamalizie mahojiano, au aache kesi ifungwe.

Swali: Mama akiri yote mwishoni?
Jibu: Hapana, nusu. Akubali kwamba alifua shati, akane kujua damu ilikuwa ya nani. Aliyetunza siri miaka yote hiyo hukubali lile tu ambalo umeshalijua.