Jinsi ya Kuchagua Kitabu cha Umeme na Sumaku Unapojisomea Mwenyewe

Nasuka mota Unga Limited, hapa Arusha. Fundi aliyenifundisha kazi alinipa sharti moja: hesabu mizunguko ya waya wa zamani kabla hujautoa, maana ukirudisha michache, mota itaungua. Kwa nini itaungua, hakusema. Kwa miaka mingi nami nikawaambia vijana wangu kwamba waya ukiwa mfupi ukinzani unapungua, basi. Lilikuwa jibu la makosa. La kweli nililikuta kitabuni, nikisoma usiku baada ya kufunga kazi, na nilichelewa kulikuta kwa sababu kitabu cha kwanza nilichonunua hakikuwa cha mtu anayeanza. Kilikaa juu ya kabati miaka miwili. Vijana wanaponiuliza waanze na kipi, nawapitisha hivi.

Hatua ya 1: Pima hesabu zako kwanza

Chukua karatasi. Tafuta mteremko wa y = x² pale x ni 3, kisha eneo lililo chini ya mchoro huohuo kuanzia 0 hadi 3. Ukipata 6 na 9, na unajua umezipataje, kitabu chenye kalkulasi kinakufaa. Usipopata, usikate tamaa wala usijilazimishe. Kuna vitabu vizuri vya aljebra tupu, na saketi, ukinzani na nguvu ya sumaku vyote vinasomeka humo. Rudi kwenye kalkulasi baadaye.

Hatua ya 2: Chagua kitabu kikuu kimoja

Kimoja tu. Nimeona vijana wenye PDF ishirini kwenye simu ambao hawajamaliza sura ya chaji.

Mimi huwaelekeza kwenye vitabu vya OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, kwa sababu kuvipakua ni bure kabisa. College Physics ni cha aljebra. University Physics, juzuu ya 2, ni cha kalkulasi. Katika hicho cha pili sura nne za mwanzo ni za joto. Umeme unaanzia sura ya 5. Peleka steshenari wakutolee kopi ya sura unazozihitaji tu, ukumbuke na kurasa za majibu zilizo mwishoni. Anayejisomea hana mwalimu wa kumsahihishia, kwa hiyo kitabu kisicho na majibu hata ya nusu ya maswali kitakuacha gizani.

Juzuu ya 2 ya mihadhara ya mwanafizikia Feynman inasomeka bure kwenye tovuti ya Caltech, chuo kikuu cha Marekani, na hakuna aliyeeleza mambo haya kwa uchangamfu kama yeye. Ila sura zake hazina maswali ya kufanya. Isome pembeni, isiwe kitabu kikuu.

Hatua ya 3: Fungua ukurasa wa sheria ya Gauss

Hapa usiwe na haraka, maana ukurasa huu ndio unaotenganisha kitabu kinachofundisha na kinachokaririsha. Sheria yenyewe ni fupi: ukiizungushia chaji uso uliofungwa pande zote, jumla ya uga wa umeme (nguvu ya umeme inayoizunguka chaji) unaotoka kwenye uso huo hutegemea chaji iliyomo ndani peke yake. Vitabu vyote vitakuambia hivyo, kisha vitachora tufe, na jibu litatoka kwa mistari miwili.

Sasa jiulize: kwa nini tufe? Weka chaji katikati ya boksi lenye pande sita sawa. Sheria bado ni kweli, na kila upande unapitisha sehemu moja ya sita ya jumla. Lakini kona ya boksi iko mbali na chaji mara 1.73 kuliko katikati ya upande, kwa hiyo uga pale konani ni theluthi moja tu ya ule wa katikati. Huwezi kutumia namba moja kwa upande mzima. Kwenye tufe unaweza, kwa sababu kila nukta iko umbali uleule. Kitabu kinachokueleza hili, au kinachokuuliza swali la boksi ukaligundua mwenyewe, kishike. Kinachokupa fomula bila kusema lini inakusaidia, kirudishe.

Hatua ya 4: Angalia vipimo

Chaji mbili za mikrokulombi 1 kila moja, zikiwa sentimita 10 mbalimbali, zinasukumana kwa nguvu ya takriban njutoni 0.9, kama uzito wa gramu 90. Kitabu cha SI, yaani mfumo wa kimataifa wa vipimo (mita, kilo, sekunde), kitakufikisha hapo kwa kutumia namba ya kudumu 9 × 10⁹. Vitabu vingine vya zamani vinatumia mfumo wa Gauss, ambao hauna namba hiyo kabisa. Kitabu cha Purcell, Electricity and Magnetism, ni kizuri mno, lakini kama unataka SI tafuta toleo la 3, la 2013. Ukikuta toleo la nyuma kwenye vitabu vya mtumba, jua kwamba fomula zake hazitalingana na za kitabu chako kikuu.

Hatua ya 5: Maliza na Faraday, ukiwa na waya mkononi

Omba kwa fundi yeyote wa mota mabaki ya waya wa shaba wenye vanishi. Zungusha mizunguko 200 kwenye chupa ndogo, kwangua vanishi kwenye ncha, unga kwenye mita ya mshale, kisha pitisha sumaku ya spika mbele yake. Mshale unacheza sumaku ikitembea, unatulia ikisimama. Baada ya hapo ndipo usome sura ya sheria ya Faraday, inayosema kwamba sumaku inayobadilika huzalisha volteji kwenye koili.

Ukiisoma vizuri, mota yangu itajieleza. Umeme wa ukutani ni volti 230, na koili inatakiwa kuzalisha volteji inayokaribia hiyo ili kuupinga. Ukipunguza mizunguko kwa asilimia 10, kila mzunguko uliobaki unabeba zaidi, kwa hiyo sumaku ndani ya chuma lazima ipande kwa asilimia 11 hivi. Chuma cha mota tayari kiko karibu kushiba, yaani kufikia kikomo cha sumaku kinachoweza kubeba kwa urahisi. Kikishashiba, kuongeza sumaku kidogo tu kunadai mkondo mwingi, na mkondo huo ndio unaochoma vanishi.

Ukiweza kumweleza mwenzako hayo huku kitabu kimefungwa, tafuta cha Griffiths, Introduction to Electrodynamics. Sura yake ya kwanza yote ni hesabu za vekta. Ipe mwezi mzima.